Viatu vya Farao, Miguu ya Mama Yetu

Tangu tulipokuwa watoto wa shule ya Jumapili, Misri kwetu ilikuwa nchi ya Yusufu, ya Musa, na ya Mtoto Yesu aliyekimbizwa usiku na wazazi wake. Kwa miaka mitatu sisi akina mama kumi na wawili wa usharika mmoja tuliweka akiba kidogo kidogo. Wengine waliuza maandazi, wengine walifuga kuku, na mama mmoja mumewe alimuuzia ng'ombe. Hatimaye, mwezi wa Desemba 2025, tukapanda ndege kwenda Cairo.

Tulitazamia kurudi na habari za piramidi. Badala yake tumerudi na habari za viatu, na za mguu wa mwenzetu mmoja ambaye nusura apoteze kidole mbele ya macho yetu, ingawa kati yetu tulikuwamo wauguzi wawili wenye uzoefu wa miaka mingi.

Mtumishi aliyebeba ndala

Siku ya kwanza tulipelekwa kwenye Makumbusho ya Misri katika uwanja wa Tahrir. Mwongozaji wetu, binti wa Kimisri mwenye adabu na subira nyingi, alitusimamisha mbele ya bamba la jiwe lenye urefu wa sentimita 64 hivi. Linaitwa bamba la Narmer, na lina umri wa miaka kama 5,000. Narmer ni mmoja wa wafalme wa mwanzo kabisa wa Misri. Amechongwa ameinua rungu lake kumpiga adui.

"Tazameni miguu yake," alisema yule binti.

Tukatazama. Mfalme yuko peku! Nyuma yake amesimama mtu mdogo, amebeba chombo cha maji mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika ndala za bwana wake. Basi, zamani hizo kubeba viatu vya mfalme ilikuwa kazi yenye jina lake, tena ya mtu wa karibu naye. Mara tukamkumbuka Yohana Mbatizaji, jinsi alivyosema hastahili hata kuvichukua viatu vya yule ajaye baada yake. Maneno tuliyoyasikia kanisani miaka yote yalipata sura mbele yetu.

Binti yule alitueleza kwamba kwa Wamisri wa kale kiatu kilikuwa dalili ya cheo. Watu wengi walikwenda peku maisha yao yote, wanawake kwa wanaume. Hata wakubwa walivua ndala zao mbele ya aliyewazidi. Afisa mmoja, Ptahshepses, aliona fahari kuandika katika kaburi lake kwamba mfalme alimruhusu kubusu mguu wake badala ya kubusu ardhi. Mwingine, Weni, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 kabla ya Kristo, aliongoza jeshi kubwa vitani. Alipoandika sifa zake alijivunia kwamba hakuna askari wake hata mmoja aliyempokonya msafiri mkate wala ndala. Fikirini, akina mama: mkate na ndala vimewekwa pamoja. Kumvua mtu ndala njiani ilikuwa sawa na kumnyang'anya chakula chake.

Ndala zenyewe hazikuwa ngeni machoni petu. Zilikuwa na soli bapa, na ukanda uliopita kati ya kidole gumba na kidole cha pili, ukaungana na mikanda ya pembeni. Kwa maneno mengine, ni kandambili! Tofauti ni vifaa tu. Wao walitumia mafunjo, majani ya mtende, nyasi ngumu, na majani ya mti ulio ndugu wa mkoma wetu wa pwani, ule unaotupa miyaa ya kusukia mikeka. Walifunga nyasi mafungumafungu, kisha wakazishona kwa ukanda wa jani, kama vile bibi zetu walivyoshona vikapu. Wenye uwezo walivaa ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe. Herodoto, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya tano kabla ya Kristo, anasema makuhani wao walivaa ndala za mafunjo tu.

Mama wa kidole cha mti

Tulipokuwa tukipumzika kwenye bustani ya makumbusho, mwongozaji wetu aliwageukia wale wauguzi wawili. "Ninyi mtaipenda habari hii," alisema, akatuonyesha picha katika kitabu chake.

Ilikuwa picha ya kidole gumba cha mguu kilichotengenezwa kwa mti na ngozi. Kilikutwa mguuni mwa mwanamke aliyezikwa ng'ambo ya Luxor, kati ya mwaka 950 na 710 kabla ya Kristo. Jina lake Tabaketenmut, binti wa kuhani. Mguu wake ulikatwa kidole gumba angali hai, na kovu lake likapona vizuri. Fundi akamchongea kidole kingine, chenye ukucha wake kabisa, akakiunga vipande vyake kwa kamba za ngozi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walitangaza mwaka 2017 kwamba kidole hicho kilirekebishwa mara kadhaa ili kimkae sawasawa.

Lakini kwa nini kuhangaika hivyo kwa kidole kimoja? Jibu liko kwenye ndala. Ukanda wa ndala ya Kimisri hushikwa na kidole gumba. Asiye nacho, ndala humvuka kila hatua. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Jacky Finch wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliwatafuta watu wawili wasio na kidole gumba, akawatengenezea kidole kama kile pamoja na ndala za namna ileile, kisha akapima wanavyotembea. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari liitwalo Lancet: kidole kile kinafanya kazi. Halikuwa pambo la kaburini. Mama yule alitembea nacho.

Mwenzetu mmoja, yule aliyeuziwa ng'ombe, aliishika ile picha kwa muda mrefu. Ni mama wa miaka 58, mcheshi, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Tulijua ana ugonjwa wa sukari kwa sababu alibeba dawa zake kwenye mkoba. Alisema tu, "Huyu alikuwa na watu wa kumpenda," akarudisha kitabu. Hatukumwelewa siku ile.

Dhahabu miguuni pa kijana

Siku iliyofuata tulikwenda Giza, kwenye makumbusho makubwa mapya yaliyofunguliwa rasmi Novemba 2025 karibu na piramidi. Humo vimekusanywa vitu zaidi ya 5,000 vilivyotoka katika kaburi la Tutankhamun, lile lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922. Kati ya vitu hivyo kuna viatu na ndala kama 80. Kama 80, kwa kijana aliyefariki akiwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi!

Maiti yake ilivikwa ndala za dhahabu, na kila kidole cha mguu kikafunikwa kifuniko cha dhahabu. Hizo hazikuwa za kutembelea hapa duniani. Kuna jozi nyingine ambayo soli zake zimepambwa kwa picha za mateka waliofungwa kamba pamoja na pinde za adui zake. Mmoja wa mateka hao ni mtu mweusi wa Nubia. Kila hatua, mfalme aliwakanyaga. Tulisimama hapo kimya, maana sura ile iliyowekwa ikanyagwe ilifanana na za ndugu zetu.

Hata hivyo, sikilizeni yaliyobaki. Katika kaburi hilohilo zilikutwa fimbo kama 130. Mwaka 2010 madaktari waliopima maiti hiyo waliandika kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa na kilema cha kupinda, na mifupa ya vidole ilikuwa na ugonjwa. Walikuta pia dalili za malaria. Wapo wataalamu wengine wasiokubaliana nao kuhusu mguu. Lakini ikiwa ni kweli, basi aliyevishwa ndala za kuwakanyaga adui huenda alitembea kwa maumivu, akiegemea fimbo.

Kijiwe ndani ya kiatu

Usiku tulipanda gari moshi kwenda Luxor, kusini, safari ya usiku kucha. Asubuhi tulivuka mto Naili kwa mashua na kwenda kwenye Bonde la Wafalme. Ni jangwa la mawe matupu. Tulipanda na kushuka makaburini kutwa nzima, tukiimba na kupigana picha.

Jioni, katika nyumba ya wageni, muuguzi mmoja aliona soksi zilizoanikwa bafuni. Moja ilikuwa na doa la damu lenye ukubwa wa sarafu. Tuliuliza ni ya nani. Kimya. Kisha mama yetu wa sauti ya kwanza akajificha miguu chini ya shuka.

"Mama, hebu tuone mguu."

"Ni uchovu tu, wanangu. Kaleni."

Tulimbembeleza mpaka akakubali. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda kibichi, ngozi imechubuka mpaka nyama inaonekana. Tukakung'uta kiatu chake, kiatu kipya cha kufunika, kilichombana, alichokinunua kwa ajili ya safari. Kikaanguka kijiwe kidogo kama punje ya mahindi. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi.

"Mama, hukusikia maumivu?"

"Nisikie nini, mwanangu? Miguu hii ililala siku nyingi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa. Nilidhani ni uzee."

"Mbona hukutuambia?"

Alitutazama mmoja mmoja. "Mngeniacha nyumbani. Na ng'ombe alikuwa ameshauzwa."

Jamani, tulijisikia vibaya. Hatukumkasirikia yeye. Tulijikasirikia sisi. Kila mwezi mama huyo alihudhuria kliniki, akapimwa sukari, akaandikiwa dawa, na hakuna mtu aliyemwambia avue viatu. Na sisi wauguzi wawili, kila mmoja kazini kwake, ni mara ngapi tumewapima wagonjwa wa sukari kidole cha mkono tusikumbuke kutazama vidole vya miguu? Foleni ni ndefu, kiti ni kimoja, na kuinama kunachosha. Ndiyo ukweli wenyewe.

Tulileta beseni. Tukamsafisha kidonda kwa maji safi, tukakifunga kwa kitambaa kisafi. Mguu ule mwingine tukauosha na kuukausha taratibu, kidole baada ya kidole. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Yule mama wa kidole cha mti," alisema, "nilipomwona nilijiona mimi. Niliogopa kusema."

Asubuhi alipelekwa kwa daktari hapo Luxor. Daktari alimsafisha, akampa dawa, akasema tumewahi, na akakataza asikanyagie mguu huo. Mmoja wetu alibaki naye. Wengine waliobaki tukavuka tena mto, kwa moyo mzito.

Mafundi, na viatu saba katika mtungi

Siku hiyo tuliona kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Farao Thutmose wa Tatu, aliyeishi miaka ya 1400 na kitu kabla ya Kristo. Kuta zake zimechorwa mafundi wa kila aina, na kati yao wamo washona ndala. Mmoja analoweka ngozi katika mtungi mkubwa, mwingine anaivuta ilainike, mwingine anakata soli kwa kisu cha duara. Yuko anayetoboa kwa msharasi, na mwenzake anavuta ukanda kwa meno. Ungedhani uko sokoni kwa fundi viatu wa mtaani kwako.

Jirani na hapo ni Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Walikuwa na desturi ya kuandika mambo ya nyumbani juu ya vigae na vipande vya mawe: madeni, nguo za kufuliwa, bei za sokoni. Fedha ya sarafu haikuwapo. Walipima thamani kwa debeni ya shaba, ambayo ni gramu 91 hivi. Jozi ya ndala ilikuwa debeni moja au mbili, na gunia la nafaka lilikuwa kwenye bei hiyohiyo. Mama wa kijiji kile alipotaka ndala, alipima na chakula cha watoto. Nani kati yetu hajafanya hesabu hiyo mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa?

Lakini habari iliyotugusa kuliko zote tulisimuliwa njiani tukirudi. Mwaka 2004 wachimbuaji kutoka Italia walikuwa wakifanya kazi kwenye magofu ya hekalu la Amenhotep wa Pili. Katika nafasi kati ya kuta mbili za matofali ya udongo wakakuta mtungi, na ndani yake viatu saba. Baada ya uchunguzi ilionekana vina zaidi ya miaka 2,000. Jozi mbili ni za watoto, zenye urefu wa sentimita 18 hivi. Zilifungwa pamoja kwa kamba ya mtende na kupachikwa ndani ya kiatu kimoja cha mtu mzima. Jozi nyingine ya mtu mzima ilikuwa imelika upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo wataalamu walisema aliyeivaa alichechemea.

Mtu alivificha viatu hivyo kwa uangalifu, na hakurudi kuvichukua. Hakukuwa na dhahabu humo, wala picha za mateka. Vilikuwa viatu vya watoto vilivyofungwa pamoja ili kimoja kisipotee, kama tufanyavyo sisi. Mama mmoja kati yetu alilia ndani ya gari, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Jioni tulimsimulia mgonjwa wetu yote, tukimwonyesha na picha. Alipofika kwenye kiatu kilicholika upande mmoja alicheka kwa mara ya kwanza. "Huyo ndiye mimi," alisema.

Tuliporudi nyumbani

Mama yetu alipelekwa hospitali siku ya pili baada ya kutua. Kidonda kilichukua majuma saba kufunga, lakini kilifunga, na vidole vyake vyote kumi anavyo. Mumewe sasa humtazama nyayo kila jioni kwa taa, kwa kuwa yeye hawezi kuziona vizuri. Usharikani petu, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wauguzi tunakaa na beseni na taulo, na yeyote mwenye sukari anavua viatu. Foleni bado ni ndefu, ila sasa tunainama.

Mama mwenzetu, kama wewe au mtu wa nyumbani mwako ana ugonjwa wa sukari, shika mambo haya:

Tazama miguu kila siku, juu, chini na kati ya vidole. Usingoje maumivu, maana ganzi huyaficha.

Osha kwa maji ya vuguvugu. Pima joto lake kwa kiwiko, si kwa mguu. Kausha vizuri kati ya vidole. Paka mafuta nyayo, usipake kati ya vidole.

Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na visikubane. Usitembee peku hata ndani ya nyumba.

Usikate sugu kwa wembe, wala usiote moto miguu. Kidonda chochote, hata kidogo, kipeleke hospitali mapema, na ukifika kliniki vua viatu wewe mwenyewe kabla hujaambiwa.

Na watoto wasisahauliwe. Ilikuwa hukohuko Cairo, mwaka 1898, ambako mtaalamu Mjerumani Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijidudu vya minyoo ya safura, akagundua kwamba minyoo hiyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Mtoto anayekwenda chooni peku anaweza kuipata kwa njia hiyo, na ikamnyonya damu taratibu. Kandambili za bei ndogo mlangoni ni kinga kubwa.

Wana wa Israeli waliagizwa kula Pasaka ya kwanza katika nchi hiyo ya Misri wakiwa wamevaa viatu, tayari kwa safari. Sisi nasi tuna safari ndefu mbele yetu, na Bwana aliyeinama kuwaosha wanafunzi wake miguu ametuonyesha namna ya kuandaana. Jioni ya leo, kabla ya sala, mwambie mama mkwe, au mume wako, au jirani yako mzee: "Hebu tuone miguu." Huenda akasema ni uchovu tu. Usikubali. Lete beseni.